Kombe la Wasichana na Nchi Nne za Ziwa

Tarehe 30 Julai 2006 Wakongomani walipanga foleni kuchagua rais, katika uchaguzi huru wa vyama vingi ambao nchi haikuwa imeuona kwa zaidi ya miaka 40. Matokeo ya duru ya kwanza yalitangazwa 20 Agosti, na kwa siku tatu Kinshasa ikasikia milio ya bunduki. Siku hizohizo timu ya wasichana wa Kongo ilikuwa Urusi, imevaa jezi ya taifa, inacheza Kombe la Dunia la Wanawake chini ya miaka 20. Mashindano yalikuwa yamefunguliwa tarehe 17 mwezi huohuo.

Kanuni ya mwaka ule haikuruhusu mchezaji aliyezaliwa kabla ya 1 Januari 1986. Hesabu yake ni rahisi, na inauma. Vita vya 1996 viliwakuta wakubwa wa kikosi kile wakiwa na miaka 10 tu, na vile vya 1998 viliwakuta na miaka 12. Hapa Kalemie, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwezi Agosti 1998 mji uliangukia mikononi mwa waasi wa RCD, na watoto wa rika lao walikulia humo, kati ya shule zilizofungwa na treni zisizofika. Kizazi hicho ndicho kilichoipeleka Kongo kwenye Kombe la Dunia.

Mwaka huu wa 2026 safari ile inatimiza miaka 20, na inastahili kuadhimishwa kwa jambo ambalo wengi wetu hatukulijua hata lilipokuwa likitokea. Kongo ilikuwa nchi ya pili ya Afrika, baada ya Nigeria, kucheza Kombe la Dunia la vijana wa kike la umri wowote. Ghana ilikuwa bado. Cameroon na Afrika Kusini zilikuwa bado. Katika nchi zinazosema Kiswahili, ingepita miaka 16 kabla ya nyingine kufuata. Kwa hiyo historia ya mashindano haya ni yetu pia, na anayeisimulia kutoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika ana haki ya kuanzia nyumbani.

Kombe lilivyozaliwa

Wavulana walipata Kombe lao la Dunia la vijana mwaka 1977, fainali za kwanza zikichezwa Tunisia. Wanawake wakubwa walipata lao mwaka 1991 nchini China. Wasichana waliokuwa kati ya utoto na utu uzima hawakuwa na chochote. Aliyekuwa na kipaji akiwa na miaka 16 au 17 alitakiwa kusubiri hadi aitwe na timu ya wakubwa, na wengi hawakufika huko: shule iliisha, ndoa ikaja, au kazi za nyumbani zikawarudisha jikoni.

Mwaka 2002, miaka 25 baada ya Tunisia, FIFA ilifungua mashindano ya kwanza ya wasichana chini ya miaka 19. Wenyeji walikuwa Canada, na timu zilikuwa 12. Kulikuwa na hofu kwamba viwanja vingebaki vitupu. Siku ya fainali, 1 Septemba mjini Edmonton, watu 47,784 waliingia uwanjani kuwatazama wasichana wa Marekani wakiifunga Canada 1-0 katika muda wa nyongeza. Tangu siku hiyo swali la kama watu watakuja likawa limejibiwa. Mchezaji bora na mfungaji bora alikuwa Mkanada mmoja, Christine Sinclair, mwenye mabao 10. Alipostaafu timu ya taifa alikuwa ameifungia mabao 190, idadi ambayo hakuna mwanamke wala mwanamume aliyewahi kuifikia katika soka ya kimataifa.

Fainali za pili zilikwenda Thailand mwaka 2004. Ujerumani ilitwaa kombe, lakini tuzo ya mchezaji bora ilikwenda kwa Mbrazili aliyeitwa Marta, jina ambalo baadaye halikuhitaji kuelezwa popote duniani. Mara zote mbili Afrika ilipewa nafasi moja tu, na mara zote mbili Nigeria iliichukua.

Mwaka 2006 mambo matatu yalibadilika kwa pamoja. Umri ulipandishwa kutoka miaka 19 hadi 20, timu ziliongezwa kutoka 12 hadi 16, na Afrika ikapata nafasi ya pili. Nafasi hiyo ya pili ndiyo iliyochukuliwa na Kongo.

Urusi, kisha Chile

Kongo haikuanzia patupu. Mwezi Oktoba 1998, miezi miwili tu baada ya vita vya pili kulipuka, timu ya wanawake wakubwa ilishiriki ubingwa wa Afrika nchini Nigeria na ikarudi na nafasi ya tatu, baada ya kuitoa Cameroon kwa mikwaju ya penalti. Nchi ilikuwa imegawanyika vipandevipande, lakini timu ilibaki moja. Wadogo zao waliokwenda Urusi miaka minane baadaye walikuwa na mfano mbele yao.

Kura haikuwahurumia. Waliwekwa kundi moja na Marekani, mabingwa wa 2002, pamoja na Ufaransa na Argentina. Hawakuvuka hatua ya makundi. Kombe lilichukuliwa na Korea Kaskazini, iliyoifunga China 5-0 katika fainali ya Moscow.

Mtu anaweza kuitazama safari ile kwa alama tu na kusema haikuleta kitu. Lakini timu haipimwi kwa mechi tatu peke yake. Miaka miwili baadaye, Novemba 2008, Kongo ilirudi kwenye fainali hizohizo nchini Chile. Kufuzu mara moja kunaweza kuitwa bahati, ila kufuzu mara mbili mfululizo kuna kazi nyuma yake. Na kwa mara nyingine nchi ilikuwa inawaka: mwisho wa Oktoba wapiganaji wa CNDP walikuwa wamefika karibu na mji wa Goma. Huko Chile wasichana walipangwa na Japani, Ujerumani na Canada, nchi tatu zenye shule za soka na ligi za watoto wa kike. Safari iliishia tena kwenye makundi, na Marekani wakawa mabingwa.

Tangu hapo pazia liliteremka. Kuanzia 2010 hadi 2022 nafasi mbili za Afrika zilichukuliwa na Nigeria na Ghana kila mara, bila kukosa. Mwaka 2024, fainali za Colombia zilipopanuliwa hadi timu 24 na Afrika ikapewa nafasi nne, waliokwenda ni Nigeria, Ghana, Cameroon na Morocco. Kongo iliyoingia mapema kuliko karibu wote ilibaki ikitazama.

Mdogo wake anazaliwa

Mwaka uleule wa Chile, FIFA ilianzisha Kombe la pili, la wasichana chini ya miaka 17. Fainali za kwanza zilichezwa New Zealand mwezi Oktoba na Novemba 2008, na Korea Kaskazini ikaifunga Marekani 2-1 katika fainali. Afrika iliwakilishwa na Nigeria na Ghana. Kuanzia 2010, kule Trinidad na Tobago, bara letu lilipewa nafasi tatu, na hapo ndipo nchi mpya zilipoanza kuonekana: Afrika Kusini, Gambia, Zambia, Cameroon.

Kombe hili dogo ndilo lililoipa Afrika heshima zake za mwanzo kwa umri huo. Mwaka 2012 nchini Azerbaijan, Ghana iliifunga Ujerumani 1-0 na kumaliza ya tatu. Mwaka 2018 nchini Uruguay, Mghana Mukarama Abdulai aliibuka mfungaji bora kwa mabao saba. Mwaka 2022 Nigeria nayo ilimaliza ya tatu, tena mbele ya Ujerumani, safari hii kwa penalti baada ya sare ya 3-3.

Fainali za 2016 zilichezwa Jordan, mara ya kwanza kwa mashindano ya FIFA ya wanawake kufika Mashariki ya Kati. Miaka miwili kabla yake sheria ya kuzuia kitambaa cha kichwani ilikuwa imeondolewa, na baadhi ya wasichana wa Jordan walicheza Kombe la Dunia wakiwa na hijabu zao. Kwa familia nyingi za Kiislamu, kutoka Amman hadi Ujiji na Kalemie, hoja kubwa ya kumzuia binti asicheze iliondolewa katika fainali hizo, mbele ya macho ya dunia.

Mwaka 2020 ugonjwa wa Covid ulifuta mashindano yote mawili. Wasichana waliokuwa na umri halali mwaka ule walikosa nafasi ambayo hairudi, kwa maana umri haumsubiri mtu.

Ziwa moja, nchi nne

Ziwa Tanganyika limezungukwa na nchi nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Zote nne zimeandika jambo katika kitabu cha mashindano haya.

Zambia, iliyo kusini ya ziwa, ilifuata baada ya Kongo. Ilifuzu fainali za chini ya miaka 17 za Costa Rica mwaka 2014, na ndani ya kikosi chake alikuwemo msichana aliyetimiza miaka 14 mwaka huohuo, aitwaye Barbra Banda. Miaka saba baadaye, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Banda alifunga mabao matatu dhidi ya Uholanzi, kisha matatu mengine dhidi ya China katika mechi iliyofuata. Leo ni miongoni mwa washambuliaji wanaoogopwa zaidi duniani.

Tanzania, jirani zetu wa ng'ambo, walisubiri hadi 2022, lakini walipoingia waliingia kwa kishindo. Serengeti Girls wa kocha Bakari Shime waliifunga Cameroon 4-1 kwao Yaoundé, wakairudia 1-0 kwenye Uwanja wa Amaan, Zanzibar, na kwa mara ya kwanza Tanzania ikawa na timu kwenye fainali za Kombe la Dunia la soka ya wanawake. Katika fainali hizo za chini ya miaka 17, nchini India, waliwekwa kundi la Japani, Ufaransa na Canada. Mechi ya kwanza, 12 Oktoba mjini Margao, Japani iliwatandika 4-0. Timu nyingine changa ingevunjika moyo. Siku tatu baadaye, kwenye uwanja uleule, waliifunga Ufaransa 2-1. Ufaransa ilikuwa bingwa wa 2012, nchi ambayo vituo vyake vya kulea vipaji vinaigwa na nusu ya dunia. Tarehe 18 Oktoba walitoka sare ya 1-1 na Canada mjini Navi Mumbai, na sare hiyo ikawapeleka robo fainali. Huko walikutana na Colombia ya Linda Caicedo, wakafungwa 3-0, na Colombia ikaenda hadi fainali.

Walipita pale ambapo Kongo haikupita, na sisi wa ng'ambo hii hatuna sababu ya kuona wivu. Kilichofanywa na wasichana wanaosema lugha yetu, waliokulia katika nchi inayokunywa maji ya ziwa letu, ni ushahidi kwamba umbali kati yetu na robo fainali unavukika.

Burundi, iliyo kaskazini, ilifika hatua ya mwisho ya mchujo wa chini ya miaka 17 mwaka 2024. Huko ilikutana na Kenya ya kocha Mildred Cheche, ikafungwa mara mbili, 3-0 na 2-0. Kenya ikawa na timu yake ya kwanza ya soka, ya wanaume au wanawake, kufika Kombe la Dunia. Kwenye fainali za Jamhuri ya Dominika, Junior Starlets hao wa Kenya walifungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, kisha wakaifunga Mexico 2-1 kabla ya kurudi nyumbani. Burundi ilibakiza hatua moja tu. Timu iliyofika hapo ni timu inayohesabika.

Kombe hili linafanya nini

Ukipitia majina ya waliocheza mashindano haya wakiwa wadogo, utaona soka nzima ya wanawake ya leo ilipitia mlango huu. Alexia Putellas wa Hispania alikuwepo Trinidad mwaka 2010. Aitana Bonmatí alikuwa katika kikosi kilichopoteza fainali ya chini ya miaka 17 mwaka 2014, na katika kile kilichopoteza ya chini ya miaka 20 mwaka 2018, kisha akashinda Ballon d'Or mara tatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025. Asisat Oshoala alikuwa mchezaji bora na mfungaji bora nchini Canada mwaka 2014 Nigeria ilipofika fainali, na mwaka 2021 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda Ligi ya Mabingwa ya Ulaya.

Sababu yake inaeleweka. Umri wa miaka 14 hadi 20 ndio ambao msichana huamua, au huamuliwa, kama ataendelea na mpira au ataacha. Kombe la Dunia la umri huo linampa sababu ya kuendelea, na linawapa wazazi wake jibu la swali la haki kabisa: mpira huu utampeleka wapi? Pia linaibana shirikisho la nchi. Ili kushiriki mchujo lazima timu iwepo, ili timu iwepo lazima wachezaji watoke mahali fulani, na hapo ndipo ligi za shule na vilabu vya mikoani vinapopata maana.

Korea Kaskazini inatufundisha jambo hapa. Si nchi tajiri. Lakini imetwaa Kombe la chini ya miaka 20 mara tatu, 2006, 2016 na 2024, na la chini ya miaka 17 mara nne, ya mwisho ikiwa Morocco mwaka 2025 ilipoifunga Uholanzi 3-0. Tangu 2013 ina shule maalumu ya soka mjini Pyongyang ambako watoto husoma na kucheza pamoja mwaka mzima. Mambo mengi ya utawala ule hayafai kuigwa na yeyote. Hata hivyo matokeo yanaonyesha kwamba mazoezi ya kila siku, tangu utotoni na bila kukatika, yanazaa matunda kuliko kambi ya wiki tatu.

Kilichotuchelewesha

Mchujo wa Afrika huchezwa nyumbani na ugenini, raundi baada ya raundi. Kila raundi inadai tiketi za ndege, pasipoti, hoteli na kambi. Ndiyo maana katika historia ya mchujo huu timu nyingi za Afrika zimejiondoa bila kucheza: zilishindwa na gharama kabla hazijafika uwanjani.

Kwa msichana wa Kalemie kikwazo huanza mapema zaidi. Mashindano ya umri hudai hati ya umri. Sheria ya Kongo inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto bure kwa ofisa wa état civil. Zikipita, lazima kwenda mahakamani kutafuta hukumu ya kuthibitisha kuzaliwa, na hiyo inataka pesa na muda. Katika mkoa ambao maelfu ya familia zilikimbia vijiji vyao, hasa tangu mapigano ya Watwa na Waluba, watoto wengi wamekua bila karatasi. Msichana wa namna hiyo anaweza kuwapiga chenga wote wa mtaa wake, na bado mbele ya kanuni za FIFA akawa hayupo.

Halafu kuna umbali. Wachaguzi wa timu ya taifa hutazama zaidi pale penye ligi, na ligi ziko Kinshasa na Lubumbashi. Kutoka Kalemie hadi Lubumbashi ni safari ya treni ya siku nyingi, au ndege ambayo mzazi wa kawaida hawezi kuilipia.

Hata hivyo kuna jambo limeanza kubadilika, tena upande wetu wa nchi. Novemba 2024 timu ya wanawake ya TP Mazembe ya Lubumbashi, chini ya kocha Lamia Boumehdi, iliifunga AS FAR ya Morocco 1-0 na kutwaa Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika. Timu hiyo ilianzishwa mwaka 2020 tu. Kwa hiyo msichana wa Katanga ya zamani hahitaji tena kutazama Ulaya ili aone mahali pa kwenda. Bingwa wa Afrika wa 2024 alitoka mwisho wa reli yake mwenyewe.

Miaka iliyo mbele

Milango imepanuliwa kuliko wakati wowote. Kombe la chini ya miaka 20 sasa lina timu 24, na fainali za mwaka huu zinachezwa Poland mwezi Septemba. La chini ya miaka 17 nalo lina timu 24, Afrika ina nafasi tano, na tangu 2025 linachezwa kila mwaka nchini Morocco, hadi 2029. Wasichana wa 2006 walipigania nafasi mbili kwa bara zima, mara moja kila miaka miwili.

Kwa hiyo kuwakumbuka kwa hotuba peke yake hakutoshi. Shukrani wanayostahili ni kazi tunayoweza kuianza hapahapa: mkurugenzi wa shule anayeweka saa ya mpira wa wasichana kwenye ratiba na kuilinda, parokia na misikiti inayowakumbusha wazazi juu ya siku 90, serikali ya mkoa inayogharimia mashindano ya shule kutoka Moba, Manono, Kongolo, Kabalo, Nyunzu na Kalemie, na shirikisho linalotuma macho yake hadi ziwani.

Fainali za Morocco za 2029 zitakuwa wazi hata kwa msichana aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2012. Aliyezaliwa mwaka huo anatimiza miaka 14 mwaka huu, kama Barbra Banda mwaka aliokwenda Costa Rica. Wako wengi Kalemie. Tuwaandikishe, tuwape mpira na kiwanja, na mechi ya kucheza kila wiki kuanzia muhula huu.